Pafu Lililojaa Hewa Kupita Kiasi Tangu Kuzaliwa: Mtu Mzima Apasuliwe au Aachwe?

Baadhi ya watu wazima huzijua habari za mapafu yao kwa bahati tu. Mtu ameomba kazi katika nchi za Ghuba au masomo Uingereza, anatakiwa apige picha ya kifua kuthibitisha kwamba hana kifua kikuu, na picha inarudi na jambo ambalo hakulitarajia: upande mmoja wa kifua ni mweusi kupita kiasi, na moyo umesogea kutoka mahali pake. Mwingine amekuwa akihema kila apandapo ngazi tangu ujana, akapewa dawa za pumu miaka nenda miaka rudi bila nafuu ya maana. Kuanzia hapo maelezo hugongana. Daktari mmoja humwambia hewa imevuja nje ya pafu na inabidi awekewe mrija haraka. Wa pili humwuliza anavuta sigara ngapi kwa siku. Wa tatu huona athari za kifua kikuu cha zamani. Wa nne hutaja hali ya kuzaliwa nayo, na kwa kuwa vitabu vya watoto vinasema tiba yake ni kuliondoa pande lililoathirika, humpangia upasuaji. Mgonjwa na ndugu zake hurudi nyumbani bila kujua washike lipi.

Hakuna kati ya hao wanne anayesema ovyo. Kila maelezo yana msingi wake katika picha ileile. Tatizo ni kwamba eksirei moja haiwezi kuyatenganisha, na kwamba kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kichanga anayekosa pumzi huhamishiwa kwa mtu mzima anayelima au anayecheza mpira. Ninachotetea hapa ni kwamba kwa mtu mzima jina la ugonjwa peke yake haliamui tiba. Kwanza ithibitishwe kwamba hali hii ni ya kuzaliwa nayo kweli, kwa kuondoa kila chanzo kingine kinachoweza kutibika au kuua. Kisha ipimwe pande hilo linayafanyia nini mapande jirani yaliyo mazima. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayopaswa kumpeleka mtu kwenye chumba cha upasuaji au kumrudisha kazini kwake.

Hewa inayoingia bila kutoka vizuri

Pafu la kulia lina mapande matatu, la kushoto mawili. Katika hali hii pande moja hutanuka kwa hewa kuliko nafasi yake, likayabana mapande jirani na wakati mwingine kuusukuma moyo upande wa pili. Mara nyingi huwa ni pande la juu la kushoto, takriban wagonjwa 4 kati ya 10. Hufuatiwa na pande la kati la kulia, kisha la juu la kulia. Mapande ya chini huathirika kwa nadra sana, na nadra hiyo yenyewe ni dokezo la uchunguzi: pande la chini likionekana limejaa hewa, ni busara kutafuta maelezo mengine kwanza. Makadirio yanayotajwa zaidi ni mtoto 1 kati ya 20,000 hadi 30,000 wanaozaliwa, wavulana wakiwazidi wasichana. Jina la zamani, emfisema ya kuzaliwa nayo, linaachwa na wataalamu wengi kwa kuwa kuta za vifuko vya hewa hazijabomoka kama zinavyobomoka kwa mvutaji sigara wa miaka mingi. Zimetanuliwa tu. Mgonjwa hana haja ya kubeba lawama ya moshi ambao hakuuvuta.

Chanzo kinachoeleweka vizuri zaidi ni udhaifu wa gegedu zinazoshikilia kuta za njia ya hewa ya pande hilo. Mtu akivuta pumzi, kifua kinatanuka na njia inafunguka. Akitoa pumzi, njia isiyo na gegedu imara inajikunja na kufunga. Hewa basi hufanya kama ipitavyo kwenye vali ya tairi la baiskeli: inaingia, hairudi. Njia hiyo inaweza pia kubanwa kutoka nje na mshipa wa damu uliokaa vibaya, au kuzibwa kwa ndani na mkunjo wa utando. Mwaka 1970 watafiti Hislop na Reid walieleza aina nyingine, ambapo pande lina vifuko vya hewa vingi kupita kawaida bila kizuizi chochote cha aina hiyo. Na katika karibu nusu ya wagonjwa chanzo hakionekani kabisa, hata pande lililoondolewa likichunguzwa kwa darubini. Hili lina uzito kwetu, kwa sababu maana yake ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachoweza kusema “ndiyo, ulizaliwa nayo”. Uthibitisho hupatikana kwa njia ya mzunguko, kwa kuondoa mengine.

Wengi hugunduliwa katika miezi 6 ya mwanzo ya maisha. Anayefika utu uzima bila kutambuliwa kwa kawaida ni yule ambaye hali yake ilikuwa nyepesi, au ambaye mapande yake mengine yalikua na kufidia. Kwa hiyo mtu mzima mwenye hali hii si kichanga aliyecheleweshewa tiba. Ameshapita mtihani ambao vichanga wengine hawakuupita, na jambo hilo linafaa kuhesabiwa katika uamuzi wowote juu yake.

Kanuni ya utotoni ilitoka wapi

Mwaka 1945 daktari wa upasuaji Robert Gross wa Boston na mwenzake Lewis waliripoti upasuaji uliofanikiwa wa kuondoa pande lililojaa hewa, na kwa miongo kadhaa iliyofuata kuliondoa kukawa ndiyo tiba. Kwa mtoto ambaye midomo inabadilika kuwa ya buluu na moyo umesukumwa upande wa pili, kanuni hiyo inabaki sahihi hadi leo. Kusubiri ni kumpoteza. Lakini kwa watoto wasio na dalili kali kanuni hiyo ilianza kuhojiwa mapema. Mwaka 1976 mtafiti Eigen na wenzake walichapisha ulinganisho wa muda mrefu wa watoto waliopasuliwa na wale waliofuatiliwa bila kisu, na kazi hiyo ilisaidia kufungua njia ya kumwangalia kwa karibu mtoto anayepumua na kukua vizuri. Ikiwa kwa watoto wenyewe upasuaji umekoma kuwa lazima kwa kila mmoja, ni vigumu kuutetea kama lazima kwa mtu wa miaka 40 anayeishi bila shida.

Kuwaondoa washukiwa mmoja mmoja

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na hapa ndipo muda na fedha vinapaswa kutumika. Mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye wa dharura, ni numothoraksi, yaani hewa iliyovuja kati ya pafu na ukuta wa kifua. Numothoraksi na pande lililojaa hewa zote huonekana nyeusi na zote huweza kusukuma moyo. Tofauti ni kwamba katika numothoraksi kuna mstari mwembamba wa ukingo wa pafu lililosinyaa kuelekea katikati, na nje ya mstari huo hakuna mishipa yoyote. Katika pande lililojaa hewa, ukitazama kwa makini ndani ya weusi huo utaona mishipa myembamba, michache, iliyotawanyika. Kosa hili lina gharama ya moja kwa moja: mrija ukiingizwa ndani ya pande lenyewe, unalitoboa pafu ambalo halikuwa limetoboka, na tatizo lililokuwa kwenye picha tu linageuka kuwa uvujaji halisi. Kama mgonjwa anapumua vizuri na shinikizo lake la damu ni imara, kuna muda wa kupiga CT kabla ya mrija. Kama anazidiwa, hapo daktari hana anasa hiyo na analazimika kutenda.

Mshukiwa wa pili katika ukanda wetu ni kifua kikuu. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na daktari anayefikiria kifua kikuu kwanza hakosei. Hata hivyo kifua kikuu kinaweza kuleta weusi wa pafu kwa njia mbili tofauti. Kinaweza kuacha kovu linalolifanya pande moja lisinyae, na pande jirani likatanuka kuziba nafasi iliyoachwa. Au kinaweza kuvimbisha tezi zinazobana njia ya hewa kutoka nje, au kuipunguza upana kutoka ndani, na hewa ikanaswa nyuma ya kizuizi. Mwelekeo wa msukumo unasaidia sana kutambua njia ya kwanza: kovu huvuta moyo na bomba la pumzi upande wake, ilhali pande lililojaa hewa tangu kuzaliwa huvisukuma mbali. Njia ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa picha inaweza kufanana kabisa, na ndiyo sababu makohozi yapimwe na njia za hewa ziangaliwe kwa kamera. Kumwanzishia mtu dawa za miezi 6 kwa picha nyeusi tu, bila homa, bila kupungua uzito na bila kijidudu kuonekana, ni kumtibu kwa mazoea.

Washukiwa wengine wanaweza kupitiwa kwa haraka kidogo. Lengelenge kubwa la hewa, linalopatikana hasa kwa wavutaji sigara, halina mishipa ndani yake na kuta zake huonekana kwenye CT. Ugonjwa uliopewa jina la Swyer, James na MacLeod, walioueleza mwaka 1953 na 1954, hufuata maambukizi makali ya njia ndogo za hewa utotoni, surua ikiwemo. Pafu huwa jeusi na kunasa hewa, lakini halikui kupita nafasi yake, mara nyingi huwa dogo. Kuziba kwa njia ya hewa ya sehemu ya pafu tangu tumboni huacha kinundu cha ute karibu na mzizi wa pafu, na mara nyingi hugunduliwa kwa mtu mzima asiye na dalili. Upungufu wa protini ya alfa-1 antitripsini hubomoa mapafu yote mawili, hasa sehemu za chini.

Aliyebaki ndiye ambaye hapaswi kuachwa hata kidogo: kizuizi kilichoingia ukubwani. Uvimbe unaokua polepole ndani ya njia ya hewa unaweza, kabla haujaziba kabisa, kuruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka. Kitu kilichompalia mtu, kama punje ya karanga au kipande cha mfupa, hufanya vivyo hivyo. Katika hali zote mbili picha itafanana na ya kuzaliwa nayo, na katika zote mbili kumwambia mgonjwa kwamba “ulizaliwa hivyo, usijali” ni kumpotosha kwa hatari. Kwa sababu hiyo, naona mtu mzima anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana hali hii anastahili CT yenye picha za kuvuta na kutoa pumzi, na bronkoskopi, yaani kuangaliwa njia za hewa kwa kamera, hata kama anajisikia mzima. Ikipatikana picha ya kifua ya zamani, ya shule au ya ajira, nayo ina thamani kubwa: weusi uleule miaka 15 iliyopita unaeleza mengi kuliko vipimo vingi vipya. Moyo pia upimwe kwa ultrasaundi, kwa kuwa kasoro za moyo huandamana na hali hii kwa idadi isiyo ndogo, inayotajwa kati ya asilimia 12 na 20.

Wanaotaka kukata wana hoja gani

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya kimaumbile. Vipimo vya mtiririko wa damu huonesha kwamba pande lililojaa hewa hupata damu kidogo, hivyo halibadilishi hewa kwa kiasi cha maana. Kuliondoa hakumpunguzii mgonjwa kitu, na kunayapa mapande yaliyobanwa nafasi ya kufunguka. Kwa mtu ambaye pumzi yake imepungua mwaka hadi mwaka, ambaye pande la chini limekunjwa kama kitambaa chini ya uzito wa hewa isiyotoka, au ambaye hulazwa mara kwa mara kwa nimonia ya sehemu ileile, hoja hii inashinda. Upasuaji wa kisasa kwa kamera umepunguza kidonda na maumivu, na uchunguzi wa pande lililotolewa unaweza kumpa mgonjwa jibu ambalo picha haiwezi kulitoa.

Hoja nyingine zao ni dhaifu. Hofu ya saratani imeazimwa kutoka kwa ugonjwa mwingine wa kuzaliwa nao, ule wa uvimbe wenye vifuko katika pafu, ambao kweli umehusishwa na saratani. Pande lililojaa hewa si uvimbe, na hofu hiyo haihamishiki kwa kuwa tu magonjwa yote mawili yamo katika sura moja ya kitabu. Wengine hutaja utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, uliowagawa wagonjwa 1,218 wa emfisema kali kati ya upasuaji wa kupunguza mapafu na matibabu ya kawaida. Utafiti huo ulihusu mapafu yaliyobomoka yote mawili, si pande moja lililotanuka katikati ya pafu zima, na wenyewe uliwaonya madaktari: walio na utendaji duni kabisa wa mapafu walikufa zaidi walipopasuliwa, na faida ilijikusanya kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa juu ya mapafu na uwezo wao wa mazoezi ulikuwa mdogo. Funzo lake halali kwetu ni kwamba mahali pa tatizo na mzigo wake kwa mgonjwa ndivyo vinavyoamua.

Wanaotaka kusubiri

Upande huu huanza na ukweli usiopendeza: hakuna jaribio lililowagawa watu wazima wenye hali hii kwa kura kati ya upasuaji na ufuatiliaji. Tulicho nacho ni ripoti za mgonjwa mmoja mmoja na makundi madogo, na ripoti za aina hiyo huwapendelea waliopasuliwa, maana mgonjwa aliyeachwa akaishi vizuri mara chache huandikwa. Upasuaji wenyewe una bei. Katika vituo vyenye uzoefu vifo baada ya kuondoa pande la pafu ni vichache, lakini hewa inayovuja kwa siku nyingi, maambukizi na maumivu ya kifua yanayobaki kwa miezi ni mambo ya kweli. Na kama pande hilo halimbani jirani yeyote, hoja ya kimaumbile inageuka dhidi ya kisu: hakuna kilichobanwa cha kufunguliwa.

Udhaifu wa upande huu ni neno “kusubiri” lenyewe linavyotumika. Kusubiri kunakokubalika ni kupima pumzi kwa spirometri na uwezo wa kutembea kwa dakika 6, kurudia baada ya miezi 6 au mwaka, na kupiga CT upya pale tu mambo yanapobadilika ili mionzi isirundikane. Kumwambia mtu arudi akizidiwa ni kumtelekeza. Tofauti hii inagusa sana mahali petu. Anayeishi Dar es Salaam au Nairobi anaweza kufuatiliwa kwa nauli ya daladala au matatu. Anayeishi siku nzima ya safari kutoka kwa daktari wa mapafu anaweza asirudi kabisa.

Uzito unapoangukia

Nikiziweka hoja hizi mezani, naona upasuaji ni tiba ya dalili na ya mbano, kwa hiyo uwepo wa pande hilo peke yake hautoshi kuuhalalisha. Mtu mwenye pumzi inayozidi kupungua, maambukizi yanayojirudia, au CT inayoonesha mapande jirani yamebanwa na moyo umesukumwa, apewe nafasi ya upasuaji mapema na katika kituo chenye timu ya kifua. Asiye na dalili, ambaye spirometri yake ni nzuri na majirani wa pande hilo wako huru, aachwe na afuatiliwe. Wale wa katikati ndio wagumu, na kwao vigezo vya maisha vina haki ya kuingia mizani. Mwanamke anayepanga kuzaa, kwa mfano, atahitaji oksijeni zaidi kwa karibu moja ya tano huku kiwambo cha kifua kikipandishwa na mimba. Kumpima kikamilifu kabla ya kushika mimba ni bora kuliko kujadili upasuaji akiwa na miezi 7. Vivyo hivyo umbali kutoka hospitali unaweza kuhalalisha kumpasua mtu wa katikati ambaye, kama angekuwa jirani, angesubiri.

Pingamizi zito linabaki: mtu akisubiri leo kisha akahitaji upasuaji akiwa na miaka 60, mwili wake utakuwa umechoka, labda na kisukari au shinikizo la damu juu yake. Ni kweli. Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu kamili kama tungejua kwamba wengi huishia huko, na kinachoripotiwa kwa watu wazima hakitupi sababu ya kuamini kwamba hali ya kila mmoja huzorota. Kumpasua kila mtu leo ili kumwokoa yule mmoja baadaye ni kuwatoza wengi gharama ya uhakika kwa ajili ya hatari isiyojulikana ukubwa wake. Ufuatiliaji wa kweli hugundua kuzorota kabla ya uzee kuukuta mwili.

Kuishi na pande lililojaa

Aliyeachwa bila kupasuliwa hana mwiko mwingi, ila michache ni ya kushikwa bila mjadala. Asivute sigara. Apate chanjo ya mafua na ya vimelea vya nimonia pale zinapopatikana. Asizamie kwa mtungi wa hewa, iwe Pemba, Mafia au kwingineko: hewa iliyovutwa mita 10 chini ya maji huongezeka ujazo mara mbili mtu anapofika juu, na pande lisiloweza kutoa hewa linaweza kupasuka njiani. Ndani ya ndege hewa iliyonaswa hutanuka kwa takriban theluthi moja, kwa kuwa shinikizo la ndani hulingana na la mlima wa hadi mita 2,400. Wengi wasio na dalili husafiri salama, lakini mwenye mbano mkubwa amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Hatari inayosahaulika zaidi ni chumba cha upasuaji wa kitu kingine kabisa, kama ngiri, mfupa uliovunjika au kujifungua. Gesi ya nitrasi oksaidi huingia katika hewa iliyonaswa na kuiongeza, na mashine inayosukuma pumzi kwa nguvu inaweza kulitanua pande hilo ghafla. Mtaalamu wa usingizi akijua mapema, anaweza kuchagua ganzi ya mgongoni au kupunguza shinikizo la mashine. Asipojua, ataona tu shinikizo la damu linashuka. Faili la hospitali moja mara nyingi halifiki hospitali nyingine, hivyo mgonjwa mwenyewe abaki na nakala ya CT yake na barua fupi ya daktari inayotaja pande lililoathirika, inayoomba nitrasi oksaidi isitumike, na inayomwambia daktari wa zamu kwamba weusi ulioko kwenye eksirei ni wa zamani: mrija usiwekwe kabla ya kulinganisha na picha hii, isipokuwa mgonjwa anazidiwa, kwa sababu hata mwenye hali hii anaweza siku moja kupata numothoraksi ya kweli.